Mwalimu Aliyetuonjea

Jina lake silitaji. Wanaolijua wanalijua, na wasiolijua hawatapungukiwa kitu, maana hata mke wake, alipokuwa hai, alimwita Prof. Alitufundisha biolojia katika sekondari moja hapa Goma, na baadaye, nilipokuwa muuguzi, tulikaa mtaa mmoja, nyumba nne kati ya mlango wake na wangu. Nilimwogopa, nikampenda, kisha nikamficha jambo moja, naye akanificha lilelile.

Alikuwa mtu mfupi, na koti lake la kijivu lilikuwa limelegea mfuko wa kulia kwa uzito wa chupa. Zilikuwa chupa ndogo za dawa ya kikohozi, amezikosha na kuzijaza mwenyewe: maji ya sukari, maji ya chumvi, maji ya ndimu, maji ya kinini, ile dawa chungu ya malaria. Alizibeba hata siku ambazo hakuwa na somo. Ukikutana naye sokoni Birere akinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, utasikia chupa zinagongana kabla hujamwona.

Somo lake la ladha lilijulikana shule nzima. Alituambia tufunge macho, tubane pua, tutoe ulimi, akapita kati ya madawati na kijiko. Alipofika kwangu aliuliza, "Unasikia nini?"

"Sukari na ndimu, Prof."

"Ni kweli? Achilia pua."

Nikaachilia pua, na harufu ya tunda la maracuja ikanijaa kichwani kana kwamba mtu amelipasua mbele yangu. Darasa zima lilikuwa linacheka. Yeye hakucheka. Alisema tuandike: ulimi unajua maneno matano tu, yaani tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama au wa ndagala. Mengine yote tunayodhani tunayasikia mdomoni ni harufu, inayopanda kwa nyuma ya koo mpaka puani. "Ndiyo maana sisi tunasema kusikia harufu," alisema. "Pua njo sikio la chakula."

Kuhusu pilipili alikuwa mkali. Kwake pilipili haikuwa ladha, ilikuwa maumivu tu, na mtu anayejaza pilipili kwenye sahani alimwita mtu anayejipiga kofi ili ajue yuko macho. Lakini uchungu aliuheshimu kuliko tamu. Alisema mtoto mchanga hana haja ya kufundishwa kutema kitu kichungu, kwa sababu sumu nyingi za porini ni chungu. "Uchungu ni mulinzi wa mulango," alikuwa anasema. "Mulinzi akilala, mwizi anaingia."

Hakuwa mtu wa kung'ang'ania kitabu, ila hakuwa mtu wa kukivunja pia. Kitabu chetu cha zamani kilikuwa na ramani ya ulimi: tamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Tuliichora kwa kalamu za rangi. Siku moja mwenzetu mmoja alisema, "Prof, mimi uchungu nausikia hapa mbele." Wengine tulitaka kumcheka. Prof alichukua chupa ya kinini na kijiti cha pamba, akampima, kisha akatupima wote, mmoja mmoja, mbele na nyuma na pembeni, mpaka kengele ikalia na mwalimu wa jeografia akasimama mlangoni akisubiri. Wote tuliusikia uchungu kila mahali.

"Basi, kitabu kimekosea," Prof alisema.

"Kwa examen tuandike nini?"

Alifunga chupa ya kinini. "Kwa examen muandike karte ya ulimi ya kitabu. Inje ya examen, musiiamini."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi. Alijua ukweli ni upi, na alijua pia kwamba kuna mahali ambapo ukweli utakuangusha. Wakati ule nilidhani ni busara.

Ule mwaka wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, sisi tuliokuwa Goma hatupendi kuusimulia. Watu walikaa juu ya mawe meusi ya volkano, hakuna choo, hakuna maji ila ya ziwa, na kipindupindu kilipoingia kilichukua watu kabla hawajapata hata mahali pa kulaza kichwa. Jiwe lile halichimbiki. Maiti zilifungwa kwenye mikeka zikapangwa kando ya barabara kusubiri magari, na sisi tulipita katikati yake kwenda kuteka maji. Shule ilikuwa imefungwa. Prof alikuja nyumbani kwetu asubuhi, akamwambia baba, "Papa, nipatie mutoto wako. Ninamuhitaji kwa ndoo."

Tulikuwa wanafunzi sita. Tulichemsha maji kwenye mapipa, tukatia sukari na chumvi, tukabeba ndoo mpaka kule mawe yalikojaa watu. Yeye alionja kila ndoo kabla haijatoka. Kipimo chake kilikuwa kimoja: chumvi isizidi ya machozi. Ikizidi machozi, alisema, chumvi itamvuta mtoto maji yaliyobaki mwilini, na utakuwa umemuua kwa kikombe. Alionja kutwa, siku baada ya siku, mpaka midomo yake ikapasuka ikawa inatoa damu.

Siku moja mama mmoja wa parokia, mtu mwenye moyo mzuri, alileta ndoo zake mwenyewe. Alikuwa ametia chumvi kwa viganja, akidhani dawa nyingi inaponya upesi. Prof alichovya kidole, akaonja, akapindua ndoo ya kwanza juu ya mawe. Watu wenye kiu walikuwa wamekaa pale pale, wanatazama maji yanavyopotea. Akapindua ya pili. Mzee mmoja, macho yameingia ndani, akaokota jiwe akamtupia. Lilimpata begani. Prof akapindua ya tatu.

"Mutanilaani kesho," aliwaambia. "Leo munywe hii yangu."

Jioni tuliporudi nilimwona amekaa nyuma ya ukuta wa shule, amefunika uso kwa koti. Wengi walikufa na maji yetu yakiwa mdomoni mwao. Tulifika kwao tumechelewa. Lakini wako waliopona, na tangu mwaka ule, katika mtaa wetu, neno la Prof juu ya kitu cha kula au kunywa lilikuwa neno la mwisho. Mtu akiuziwa mafuta ya mawese yenye mashaka, atasema, "Tupeleke kwa Prof." Mama akiona unga wa muhogo una rangi ya ajabu, anampelekea kwenye sahani. Yeye anainamisha kichwa, anafunga macho, ananusa, anaonja na ncha ya ulimi, kisha anasema iko muzuri au iko mubaya. Hakuna aliyempinga. Hata mimi sikujua mtu mwingine wa kumwamini hivyo.

Halafu ikaja siku ya bariyeri, kizuizi cha askari barabarani.

Ilikuwa mchana, njia ya kwenda Sake, na askari waliomsimamisha sitasema ni wa upande gani, kwa sababu mwaka ule pande zilikuwa nyingi na bariyeri zilifanana. Walipapasa koti lake wakatoa chupa. Kisa hiki alinisimulia mwenyewe, akiwa kitandani, kichwa kimefungwa.

"Hii ni nini, muzee?"

"Ni vitu vya kufundishia batoto."

"Ni sumu hii. Kunywa tuone."

Akanywa. Kwa kila chupa aliwaeleza kilichomo, kama alivyotueleza sisi: hii ni sukari, hii ni chumvi, hii ni ndimu. Alipofika kwenye kinini alikunja uso, akawaambia kwamba hata mtoto aliyezaliwa leo angeitema, maana uchungu ni mulinzi. Mmoja wao alidhani anachekwa. Akampiga usoni na kitako cha bunduki, na Prof akaanguka chali, kisogo juu ya jiwe.

Alilala hospitali wiki tatu. Alipotoka alionekana mzima. Alitembea vizuri, aliongea vizuri, alikumbuka majina ya wanafunzi wote. Mke wake alikuwa amekufa kabla ya vita vile, na watoto walikuwa Butembo, basi hakukuwa na mtu wa kula naye kila siku. Nadhani ndiyo sababu jambo lile liliweza kufichika.

Mimi nilijua siku nilipokwenda kumsalimia, mwezi mmoja hivi baadaye. Alinipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Nilipokileta mdomoni, harufu ya mafuta ya taa ilinipiga. Bidoni ya plastiki aliyotekea maji ilikuwa ya mafuta, haikukoshwa vizuri. Nikamtazama. Alikuwa ameshamaliza kikombe chake, anafuta midomo.

"Hauna kiu?" aliuliza.

"Nimekunywa njiani, Prof."

Alitazama kikombe changu, kisha akatazama uso wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikaweka kikombe chini. Akaanza kuzungumza habari za mvua.

Tangu siku ile nilianza kumwangalia. Alitia pilipili kwenye kila chakula, nyingi mpaka jasho linamtoka. Yule aliyeiita maumivu sasa aliitafuta, na mimi niliyesomea uuguzi nilielewa: maumivu yalikuwa yamebaki. Nyuzi zinazotoka puani kupanda kwenye ubongo hupita katika matundu madogo ya mfupa, nyembamba kama nyuzi za buibui, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu hukatika. Ulimi wake ulikuwa bado na maneno yake matano. Pua ilikuwa imekufa.

Ungemwambiaje mwalimu wako kwamba hana pua? Niliwaza kumwambia, nikaahirisha. Niliona mama wa jirani amemletea samaki, naye anainama, anafunga macho, ananusa kama zamani, halafu anabonyeza nyama kwa kidole, anatazama jicho la samaki. Alikuwa anatumia macho na vidole na kuigiza pua. Na mara nyingi alipatia. Nikajiambia kwamba maadamu anapatia, hakuna ubaya. Heshima ile ndiyo kitu alichobaki nacho. Nilijiambia hivyo kwa miezi mingi.

Vita viliporudi upande wa Rutshuru, watu walishuka kwa miguu na kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wamebeba magodoro na kuku, wakajaza uwanja wa shule yetu. Walilala madarasani na chini ya shitingi za plastiki. Mimi niliwekwa kwenye hema la dawa pembeni ya uwanja. Jiko liliwekwa nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, na wakubwa wa mtaa walipokaa kuamua nani atasimamia chakula, hawakujadili. Walimtaja Prof, wakapiga makofi, na yeye akasimama akainamisha kichwa. Nilikuwa pale. Macho yetu yalikutana. Huo ulikuwa wakati wa kusema, wake au wangu. Nikapiga makofi na wenzangu.

Chakula kilikuja kwa magunia kutoka kwa watu mbalimbali, wafanyabiashara, parokia, jamaa za waliokimbia. Kila gunia lilipofunguliwa, Prof alichota kiganja, akafunga macho, akanusa. Wanawake walisubiri aseme. Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri.

Kati ya wanawake waliochagua maharagi alikuwa Mama Furaha, aliyetoka Kalengera. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mtoto wake Furaha alikuwa na miaka minne hivi, na alikuwa na tabia ya kuja kwenye hema langu asubuhi kuniomba nimpime joto, ingawa hakuwa mgonjwa, kwa sababu alipenda kushika kile kipimo kwapani na kukaa kimya kama mtu mzima. Nilimpima kila asubuhi.

Siku ya gunia lile la maharagi nilikuwa na mama mwenye uchungu wa uzazi, sikutoka hemani tangu alfajiri. Watu walikula saa sita. Kabla ya saa nane waliletwa wa kwanza. Mate yaliwatoka mdomoni bila kukoma, walitapika, walilowa jasho, na nilipofungua macho yao mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Hapo nikasikia harufu. Ilitoka kwenye matapishi, kali, harufu ya ile dawa ya kuua wadudu wanayopulizia mashambani. Gunia lilikuwa limehifadhiwa nayo, au maharagi yalikuwa mbegu zilizotiwa dawa. Lilitoka wapi hasa, hakuna anayejua mpaka leo. Sindano za kuzuia sumu hiyo tulikuwa nazo chache. Nilichagua nani apate. Sitaki kueleza nilivyochagua.

Furaha nilimshika mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa chini, mgonjwa naye, ameshika mguu wa mtoto. Saa kumi mtoto aliacha kupumua. Wengine wote walipona.

Prof aliletwa kwenye machela kati ya watu wa mwisho. Alikuwa amekula sahani nzima, kubwa kuliko ya wengine, na aliugua vibaya. Hilo ndilo lililomwokoa mbele ya watu. Kila mtu alisema, kama angejua asingekula. Sumu ile haikuwa na dalili, hata ulimi wa Prof haukuiona. Walimwonea huruma. Walimletea uji. Yeye alilala anatazama paa la hema. Aliponyanyuka alikwenda nyumbani, akafunga mlango, na baada ya wiki chache, barabara ilipofunguka, aliondoka Goma bila kuaga. Chupa aliziacha juu ya meza. Mimi ndiye niliyezimwaga.

Ilipita miaka kabla sijamwona tena. Tulikuwa tunapanda Rutshuru na gari la chanjo, na gurudumu likapasuka Kalengera, barabarani kabisa. Wakati dereva anabadilisha, niliona mtu mfupi anatoka shambani na jembe begani. Alikuwa amezeeka, amekonda, bila koti. Alinitambua kwanza.

"Mutoto wangu," alisema.

"Prof."

Tulikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Aliniuliza habari za mtaa nikamjibu. Nilipomuuliza anafanya nini huku, alinyoosha kidole kwenye shamba la viazi vitamu. Mwanamke mmoja alikuwa analima, ameinama, mgongo kwetu.

"Ni Mama Furaha," alisema. "Nilikuja kumuambia ukweli. Nilimuambia, mama, mimi sikuwa na pua. Siku ile nilinusa na sikusikia kitu. Nikaweka kwa ulimi, hakukuwa na uchungu, nikajiambia mulinzi amenyamaza, basi ni salama. Nilikuwa najua mulinzi haoni kila kitu. Mimi njo nilikuwa nafundisha hivyo."

"Akasema nini?"

Alingoja pikipiki mbili zipite.

"Akasema, Papa, mimi nilisikia ile harufu. Kabla hatujatia kwa sufuria. Nikachukua kiganja, nikakuletea, ukanusa, ukasema iko muzuri. Nikajiambia, pua yangu ni ya kijijini, huyu ni Prof. Nikapika. Nikamupa mutoto."

Alisugua mpini wa jembe kwa kidole gumba. "Hakunifukuza. Hakunisamehe pia. Akasema tu, kama unakaa, kuna kulima. Niko nalima."

Nikasema, "Prof, mimi nilijua. Tangu siku ya kikombe."

"Ninajua ulijua," alisema, bila kunitazama. "Nilikungojea useme. Kisha nikakushukuru kwa kuwa hausemi. Kisha nikakuchukia." Akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Lakini si mimi wa kuambiwa. Yeye anafikiri ni pua yake na yangu tu. Miaka yote anajihesabu yeye na mimi. Enda umuambie tulikuwa watatu."

Nilivua viatu nikaingia shambani. Mama Furaha alinyooka, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, na aliponitambua aliangusha jembe. Alinishika mikono yote miwili.

"Mama muganga," alisema. "Wewe njo ulimushika mutoto wangu mupaka mwisho. Kila siku nakuombea. Nilisema sitakufa bila kukushukuru."

Nilifungua mdomo. Alikuwa analia na kutabasamu, uso wake karibu sana na wangu. Nikamwambia asante, mama. Nikamuuliza habari za mavuno. Alisema mwaka huu viazi vimekubali, akainama akang'oa, akapangusa udongo kwa kitenge chake, akaniwekea mikononi vingi mpaka vikaanza kuanguka, naye anaokota anarudisha.

Dereva alipiga honi. Nilirudi barabarani peku, viatu vimebanwa kwapani, viazi kifuani. Prof alikuwa amesimama palepale. Alitazama viazi, akatazama shambani ambako mama yule alikuwa bado ananipungia mkono, kisha akafungua mlango wa gari, akanisaidia kupanda, na akaufunga.